UZI: Kulazwa kwa ajili ya kupandikizwa uboho, mambo ya kutengeneza kabla ya kutoka Lubumbashi

Nesi_wa_Uboho

Jambo yenu wote. Nafungua uzi huu kwa ajili ya familia zenye mgonjwa wa SS (selimundu) ambaye amekwisha kupata kituo cha nje, iwe India, Uturuki au Afrika Kusini. Walio na leukemia (saratani ya damu) au aplasia (uboho kuacha kutengeneza damu) nao watafaidika, ila mfano wangu mkuu ni SS kwa kuwa ndio wengi kwetu.

Swali la kwanza la karibu kila familia ni "tubebe nini?" Sanduku ni la mwisho. Yanayoharibu safari hutendeka miezi 3 hadi 6 kabla, hapa hapa kwetu, na mara nyingi kwa nia njema kabisa. Naanza na zito kuliko yote.

Damu ya ndugu. Mtoto akishuka damu, familia huitwa ilete watoaji, na baba ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Kwa mgonjwa anayesubiri uboho, hapo pana hatari. Mwili wake ukipokea damu ya baba, mama au kaka, unakutana na alama za tishu zao na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Siku uboho wa mtu huyo huyo, au wa ndugu aliyerithi alama zile zile, unapoingia, kingamwili ziko tayari kuukataa. Kwa hiyo ndugu watoe damu kufidia benki, lakini mfuko wao uende kwa mgonjwa mwingine, na mtoto apewe damu ya mtu asiye wa ukoo. Semeni waziwazi kwa daktari na kwa mtu wa maabara: "Huyu anasubiri kupandikizwa uboho, damu ya ndugu hapana." Panapowezekana ombeni damu iliyochujwa chembe nyeupe.

Chukueni daftari sasa hivi muandike kila mfuko aliopewa tangu utotoni: mwaka, hospitali, idadi, na kama alitetemeka au kuota vipele. Kituo kitauliza, kwa sababu mifuko mingi ina maana mbili: kingamwili na chuma. Chuma hukaa ini na moyo. Ferritini (kipimo cha akiba ya chuma) ikiwa juu sana, mgonjwa huanzishiwa dawa ya kuondoa chuma (deferasiroksi) miezi kadhaa kabla. Haifanyi kazi kwa wiki mbili, kwa hiyo msingoje viza ndipo muanze.

Meno nayo. Jino bovu likiwa na usaha kwenye mzizi, siku chembe nyeupe zikifika sifuri, vijidudu vitaingia kwenye damu kupitia hapo. Ling'olewe angalau wiki 2 hadi 3 kabla ya kemotherapi (dawa kali za kufuta uboho wa zamani), ili kidonda kifunge kabisa.

Maabara_Kamalondo

Asante yaya kwa kuanza na damu. Naongeza upande wa vipimo, kwa sababu watu huja na karatasi moja ya kundi la damu wakidhani imetosha.

Kinachotafutwa kwa mtoaji ni HLA, alama za tishu. Kundi la damu (A, B, O) si sharti lilingane. Wakitofautiana, kituo huondoa chembe nyekundu au maji ya damu kwenye mfuko wa uboho kabla ya kuutia, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa hubadilika kuwa kundi la mtoaji.

HLA hurithiwa nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu. Mtoto wa baba mmoja na mama tofauti, hata awe amelelewa nyumba moja, haingii kwenye hesabu hiyo. Na kwenye SS kuna chujio la pili: mtoaji mwenyewe asiwe SS. Kama baba na mama wote ni AS (wana jini moja tu ya S, hawaumwi), nafasi ya ndugu mmoja kulingana na pia kutokuwa SS ni 3 kati ya 16, yaani chini kidogo ya asilimia 19. Ndiyo maana wapimwe ndugu wote kwa mara moja. Kupima mmoja, kungoja jibu, kisha kupima mwingine kunakula miezi.

Kipimo hutumia damu kidogo au pamba ya kufuta ndani ya shavu. Kwa ya shavu, mtoto asile wala kunyonya kwa nusu saa, asuuze mdomo kwa maji, kisha pamba isuguliwe kwa nguvu kiasi na iachwe ikauke kabla ya kufungwa. Ikifungwa ikiwa mbichi huota ukungu njiani na kipimo hurudiwa.

Vingine ambavyo kituo kitarudia hata kama mmefanya hapa: hepatiti B na C, VVU, kaswende, CMV (kirusi kinacholala mwilini na kuamka kinga ikishuka), toksoplasma. Vifanyeni hapa hata hivyo. Mkijua hepatiti B mapema, matibabu yanaanza hapa, nanyi hamkai miezi miwili hotelini mkilipa.

Kuna vitatu vya kwetu ambavyo lazima muvitaje wenyewe, kwa sababu daktari wa mbali anaweza asivifikirie. Malaria ni cha kwanza: mtoaji na mgonjwa wote wapimwe tone la damu kabla ya kuondoka na tena karibu na siku ya kutoa uboho, kwa kuwa vimelea husafiri ndani ya uboho. Kifua kikuu: picha ya kifua, na semeni kama kuna mtu nyumbani aliyetibiwa TB. Na minyoo ya strongiloidi, ile inayoingia kupitia ngozi ya mguu peku. Inaweza kukaa tumboni miaka mingi bila dalili, halafu kinga ikizimwa inazaana na kusambaa mpaka mapafuni. Kipimo kimoja cha choo huikosa mara nyingi. Kipimo cha damu ni bora. Dawa yake ni ivermektini, lakini aliyewahi kuishi sehemu za misitu zenye loa loa apimwe hiyo kwanza, maana ivermektini juu ya loa loa nyingi inaweza kudhuru ubongo.

Mama_Katuba

Bakubwa, aksanti sana kwa mafundisho. Niko na maswali tatu. Mtoaji akiwa AS, anakubaliwa? Akitoa uboho, yeye hatabaki bila nguvu? Na kama mtoaji ni mtoto wa miaka 4, inawezekana?

Nesi_wa_Uboho

Mama, AS anakubaliwa bila shida. Mgonjwa atakuja kuwa AS kama yeye, na AS hapati yale maumivu ya mifupa.

Kutoa: mtoaji analazwa usingizi kamili, anageuzwa kifudifudi, daktari anavuta uboho kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga upande wa nyuma. Kikomo ni mililita 20 kwa kila kilo ya mtoaji. Mtoto wa kilo 16 hatatolewa zaidi ya mililita 320. Mfupa haukatwi. Maumivu ya kiuno ni siku chache hadi wiki mbili, uboho hujirudisha wenyewe ndani ya wiki chache, na hupewa dawa ya chuma.

Wa miaka 4 anaweza, lakini angalieni uzito. Mdogo wa kilo 16 akimtolea kaka wa kilo 50, seli zinaweza zisitoshe. Kituo hutafuta angalau seli milioni 300 zenye kiini kwa kila kilo ya mpokeaji. Hapo wakati mwingine hushauri kungoja mtoaji akue.

Msiombe itumike njia ya mashine, ile ya kudunga sindano siku 4 au 5 na kuchuja damu mkononi, kwa sababu tu haina usingizi. Kwa SS vituo vingi hupendelea uboho wenyewe, maana seli za njia ya mashine zina limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) nyingi zaidi, na huongeza hatari ya kipandikizi, yaani seli za mtoaji, kumshambulia mgonjwa.

Famasia_BelAir

Dawa na majani. Nitasema kwa ukali kidogo kwa kuwa hapa ndipo watu wanaficha.

Baada ya kupandikizwa, mgonjwa anameza siklosporini au takrolimasi, dawa za kutuliza kinga, kwa miezi. Dawa hizi zina ngazi nyembamba ndani ya damu: chini yake kipandikizi kinashambulia mwili, juu yake figo zinaumia. Eritromisini, ile inayouzwa kwenye kila kona kwa kikohozi, huipandisha ngazi. Flukonazoli huipandisha. Rifampisini ya TB huishusha vibaya. Balungi huipandisha pia, tunda na juisi. Kwa hiyo hakuna kidonge cha kununua njiani bila kumuuliza daktari wa uboho, hata kama mwenye duka anakijua.

Majani: mubirizi, artemisia ya kuchemsha, mizizi ya kuongeza damu, unga wa moringa. Acheni yote wiki kadhaa kabla ya kemotherapi na muyataje majina kwa daktari, hata kama mnaona aibu. Sababu ni mbili. Ini ndilo linalosafisha busulfani (mojawapo ya dawa za kemotherapi), na ini lililochoshwa na majani liko karibu na kuziba mishipa yake. Pili, majani makavu ya sokoni yana mbegu za ukungu.

Siku ya kupima ngazi ya siklosporini: damu huchukuliwa KABLA ya dozi ya asubuhi, saa 12 baada ya ile ya jioni. Mgonjwa akishameza, kipimo kinaonyesha uongo na dozi inapunguzwa bila sababu. Beba dozi mfukoni, toa damu, kisha meza. Na siklosporini ya maji haiwekwi kwenye friji, inaganda kama mlenda. Ikae kwenye joto la kawaida la chumba, mbali na jua.

Papa_Ruashi

Kuhusu karatasi, kwa kifupi. Pasipoti za wote watatu (mgonjwa, mtoaji, na mlinzi wa mgonjwa, yaani ndugu wa kumhudumia) ziwe na zaidi ya miezi 6 baada ya tarehe mnayotegemea kurudi, na mhesabu kwamba kukaa kunaweza kurefuka. Hati za kuzaliwa za mgonjwa na mtoaji zionyeshe majina yale yale ya baba na mama, herufi kwa herufi. "Mwamba" kwenye moja na "Muamba" kwenye nyingine ni sababu ya kusimamishwa, maana undugu lazima uthibitike. Zitafsiriwe rasmi. Barua ya mwaliko ya kituo imtaje mtoaji kama mtoaji. Muulize kituo kwa maandishi mtoaji aingie kwa viza ya aina gani.

Kadi ya njano: India humweka karantini hadi siku 6 mtu anayetoka nchi kama yetu bila cheti cha homa ya manjano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha. Sasa, chanjo hiyo ni ya kirusi hai. Kama mgonjwa hajawahi kuipata, aulizwe daktari wake mapema sana, maana chanjo hai na kemotherapi zinatakiwa kuachana angalau wiki 4, na mwenye kinga dhaifu hapewi kabisa bali huandikiwa cheti cha kusamehewa. Msiende kuchomwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano usiku wa safari.

Bei: msikubali namba moja ya jumla. Ombeni orodha iandikwe: vipimo vya mtoaji vimo? Mifuko ya damu na platileti (chembe za kugandisha damu) vimo, na mingapi? Siku ngapi wodini? CMV ikiamka, dawa zake nani analipa? Akirudishwa wodini baada ya kutoka? Mara nyingi kilicho nje ya bei ndicho kinachowakwamisha watu nusu ya njia.

Nesi_wa_Uboho

Asante papa. Sasa wodi yenyewe, na humo ndimo sanduku linapopata maana.

Siku huhesabiwa kwa kwenda nyuma. Siku ya kutiwa uboho ni 0. Kemotherapi huanza siku ya -10 hadi -6 kutegemea mpango. Kabla ya hapo mgonjwa wa SS kwa kawaida hubadilishiwa damu mpaka hemoglobini S ishuke chini ya asilimia 30, na huwekewa kateta kubwa (mpira unaoingia kwenye mshipa wa damu) kifuani. Kateta hii hukaa miezi. Inapitisha dawa, damu, chakula cha mishipa, na kupitia hiyo hiyo damu ya vipimo inachukuliwa bila kuchoma mkono.

Kwa sababu yake nguo ziwe za kufunguka mbele kwa vifungo. Shati la kuvaa kwa kichwani linavuta kateta. Pamba laini, seti 7 au 8, zifuliwe kwa maji moto na kupigwa pasi. Vitenge viwili vitatu ni sawa kwa sharti hilo hilo. Ndara ziwe za kufunika vidole na zenye soli isiyoteleza, maana platileti zikiwa chini, kuanguka bafuni kunaweza kuleta damu kichwani. Miswaki 4 laini kabisa. Kipimajoto cha kidijitali. Mashine ya kupima presha, hii msiisahau, nitarudi kwayo. Simu na chaja za kufutwa kwa dawa kila siku. Maua, mito ya nyumbani na vitabu vya zamani vyenye vumbi vibaki nyumbani.

Nywele: fungueni misuko na meshi zote kabla ya kuingia, mukate fupi kwa mashine, si kwa wembe. Zitadondoka kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya kemotherapi, na msuko uliobaki kichwani hung'ang'ania vipande vya ngozi. Kucha za bandia na rangi ziondolewe: kipima oksijeni kinasoma vibaya juu ya rangi, na chini ya kucha ndefu panakaa vijidudu. Pete nazo zitoke, vidole huvimba.

Mpango ukiwa na thiotepa, mgonjwa ataogeshwa mara 3 hadi 4 kwa siku, usiku pia, na shuka kubadilishwa. Dawa hiyo hutoka kwa jasho na kuunguza ngozi, hasa kwapani, kwenye kinena na chini ya plasta. Mlinzi avae glavu. Hakuna mafuta ya ngozi siku hizo, hata kama ngozi imekauka na mama anaona huruma. Mafuta huifungia dawa juu ya ngozi.

Mpango ukiwa na busulfani, ngozi huwa nyeusi zaidi, hasa kwenye mikunjo na kucha. Inarudi polepole. Msiichanganye na upele wa kipandikizi, ambao huanza na viganja na nyayo kuwaka au kuuma, kisha masikio na shingo. Kwenye ngozi yetu hauonekani mwekundu kama kwenye picha za vitabu. Unaonekana kama madoa meusi au ya zambarau, yenye ngozi iliyokakamaa. Mlinzi anayemwosha ndiye huuona kwanza.

Siku 0 ni ya utulivu kuliko watu wanavyotegemea. Mfuko unafanana na wa damu na hutiririka kwenye kateta kwa saa chache. Hakuna upasuaji kwa mpokeaji. Seli zinajua zenyewe njia ya kwenda kwenye mifupa.

Kisha kunakuja kungoja. Takribani siku +5 mdomo unaanza vidonda. Dawa yake kubwa ni kusukutua, si mara mbili, ni kila saa 4 akiwa macho: glasi ya mililita 250 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Hasukutui kwa nguvu. Anayapeleka maji taratibu shavu hadi shavu kwa nusu dakika na kutema. Akikataa kwa maumivu, apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Asiache. Mdomo ulioachwa siku mbili ni mlango wazi.

Mama_Katuba

Na chakula je? Wodi ikitoa chakula ya kwao mutoto anakataa. Naweza kumupikia bukari na sombe?

Lishe_Kampemba

Inategemea kituo, mama, uliza kabla hujapanga chumba chenye jiko. Wakikubali: bukari ya sasa hivi, moto, haina neno. Sombe iliyochemka vizuri haina neno. Samaki Thomson wa kupikwa mpaka katikati, sawa. Kiliwe ndani ya saa moja, kilichobaki kisirudishwe kesho. Mafuta ya mawese kidogo, maana tumbo la wakati huo halivumilii.

Ambavyo haviingii: munkoyo (kinywaji cha kuchachushwa), mashanza (maziwa ya kuganda) na maziwa yoyote yasiyochemshwa, jibini ya Masisi kama maziwa yake ni mabichi, karanga za sokoni na unga wake, viwavi vya kukaushwa, ndakala kavu, asali mbichi, saladi, pilipili mbichi. Karanga na vikavu vinashika ukungu wa aspajilasi hata kama macho hayauoni, na kupika hakuondoi sumu yake. Tunda ni la kumenya kwa ganda nene: ndizi, chungwa. Embe lioshwe kwanza, limenywe na mlinzi aliyenawa.

Maabara_Kamalondo

Hapa sikubaliani kidogo. Vituo vingi vimeachana na ile orodha ndefu ya kukataza kila kibichi, kwa sababu haikuonekana kupunguza maambukizi na wagonjwa walikonda. Wanachosimamia ni usafi wa upishi.

Lishe_Kampemba

Kweli, na tunda lililooshwa vizuri vituo vingi vinaliruhusu. Lakini ninachokazania si matunda. Karanga zenye ukungu na maziwa mabichi zimebaki kukatazwa kila mahali. Na kwa mtu aliye mbali na jiko lake, anayenunua sokoni asikojua, afadhali kuzidisha tahadhari. Akikonda kwa kukataa kula, mwambieni daktari mapema aongezewe kwa mpira au mishipa. Msimlazimishe mpaka atapike. Kutapika kunaumiza koo lenye vidonda.

Nesi_wa_Uboho

Nakubaliana na wote wawili. Niseme kazi ya mlinzi wa mgonjwa, maana yeye ni nusu ya matibabu. Wawe wawili wa kupokezana, mmoja peke yake huishiwa nguvu wiki ya tatu. Mwenye mafua asiingie, hata akiwa mama mzazi.

Daftari la mlinzi liwe na mistari ya kila siku: joto, uzito asubuhi na jioni, presha, mkojo kwa mililita, choo kwa mililita (si "mara ngapi", kiasi), na alichokula. Uzito ukipanda ghafla, tumbo likajaa upande wa kulia na macho yakawa manjano, ni ini linaziba. Daktari aitwe saa hiyo. Choo cha maji kikipita nusu lita kwa siku, aitwe. Homa ya 38, aitwe, na HAPANA parasetamoli kwanza, kwa sababu inaficha homa na antibiotiki inatakiwa kuingia ndani ya saa moja. Baridi ya kutetemeka inayoanza mara tu baada ya kateta kusafishwa kwa maji ya dawa: mwambie nesi neno kwa neno hivyo hivyo, maana inaonyesha vijidudu viko ndani ya kateta yenyewe.

Kateta ikipasuka, ibanwe kwa klampu kati ya mpasuko na mwili, papo hapo, ndipo uite. Hakuna mkasi karibu nayo.

Presha niliyoahidi. Siklosporini huipandisha na kushusha magnesiamu, na ubongo wa mgonjwa wa SS huvumilia hayo vibaya kuliko wa wengine. Presha ya juu, maumivu ya kichwa, kuona ukungu: hizo hutangulia degedege. Na kwa kuwa presha hiyo inaweza kuvujisha damu kichwani, kwa SS platileti hushikiliwa juu ya 50,000, wakati kwa wengine 10,000 hadi 20,000 hutosha. Kituo kikiomba watoaji wa platileti, mjue ni kwa sababu hiyo.

Uboho umeshika pale nutrofili (chembe nyeupe za kupigana na vijidudu) zinapokuwa 500 au zaidi siku 3 mfululizo. Kwa uboho wa mfupani ni kati ya wiki 2 na 4. Kutoka wodini ni kama wiki ya 4 hadi 6. Kutoka wodini si kurudi Lubumbashi: mnapanga nyumba karibu na kituo mpaka siku +100 hivi, kwa sababu CMV hupimwa kila wiki na upele, kuhara au manjano ya kipandikizi huja zaidi kipindi hicho.

Kama daktari hajazungumza juu ya uzazi, ulizeni nyinyi, kabla ya kemotherapi. Busulfani mara nyingi huondoa uwezo wa kuzaa. Kijana aliyekwisha kubalehe anaweza kutoa mbegu zihifadhiwe, kazi ya siku moja tu. Kwa msichana kuna njia pia lakini zinahitaji wiki. Baada ya dozi ya kwanza mlango umefungwa.

Papa_Ruashi

Na siku ya kurudi nyumbani? Tuko na vumbi jekundu kuanzia mwezi wa 5 mpaka mvua inyeshe.

Nesi_wa_Uboho

Kupaka rangi, kubomoa ukuta na kusafisha dari kumalizike wiki 2 kabla hajafika, si baada. Vumbi la ujenzi na la udongo lina ukungu ule ule wa aspajilasi. Chumba chake kifagiliwe kwa kitambaa kibichi. Gunia la makala likae nje, na asikae penye moshi wa mbabula. Kuku na njiwa waondoke uani. Asilime wala kumwagilia bustani kipindi dawa za kinga zinaendelea. Akitembea barabara ya vumbi avae barakoa inayobana, ile ya N95. Kitambaa cha kawaida hakizuii mbegu za ukungu. Chandarua chenye dawa kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria iliyochaguliwa na kituo. Penisilini yake haisimami, maana wengu wa SS umekwisha kufa zamani na uboho mpya hauufufui papo hapo. Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote, kwa sababu ya yule inzi ambaye funza wake huingia chini ya ngozi.

Jambo ambalo halitajwi: matone ya polio. Timu za chanjo hupita nyumba kwa nyumba. Yale matone yana kirusi hai, na mtoto aliyepewa hukitoa kwenye choo kwa wiki kadhaa. Mgonjwa asipewe. Wadogo wanaoishi naye waombewe chanjo ya sindano. Kama wameshapewa matone, mgonjwa asibadilishe nepi wala kutumia choo kimoja nao bila usafi wa dawa kwa wiki 4 hadi 6.

Chanjo zake mwenyewe zinaanza upya kama mtoto mchanga, za kirusi kilichokufa tangu mwezi wa 6 hadi wa 12. Hai, kama surua na homa ya manjano, si kabla ya miezi 24, na awe ameacha dawa za kinga. Kadi yake ya njano ya zamani itabaki halali mpakani, lakini ulinzi wenyewe unaweza kuwa umekwisha kuondoka.

Famasia_BelAir

Rudini na dawa za miezi 3, zote kwenye mfuko wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Sanduku la chini hupotea.

Mama_Katuba

Swali ya mwisho bakubwa. Kama imeshika, mutoto hatazaa tena mutoto wa SS?

Maabara_Kamalondo

Bado anaweza, mama, na ni vizuri umeuliza. Uboho hubadilisha damu tu. Mbegu za uzazi zimebaki na jini ya SS kama alivyozaliwa. Kipimo cha hemoglobini kitasoma AA au AS kama mtoaji, na maabara isiyojua historia yake itamwandikia hivyo kwenye cheti cha kabla ya ndoa. Kama uwezo wa kuzaa umebaki, kila mtoto wake atapokea S moja kutoka kwake. Kwa hiyo mchumba wake ndiye apimwe: akiwa AA, watoto wote watakuwa AS, akiwa AS, nusu ya nafasi kwa kila mimba ni SS. Muandikieni kwenye daftari lile lile la damu, akue nalo.